Hesabu yenye mwenyewe

Mteja amelipa kwa simu, mwenye duka anasema ujumbe haujaingia. Mteja anapiga picha ya skrini inayoonyesha muamala na kumrushia. Kwenye simu nyingi picha hiyo huhifadhiwa kwa jina linaloishia na herufi tatu: png. Faili za aina hii zimejaa kwenye simu za Kariakoo na Gikomba, na ni wachache wanaojua kwamba zilizaliwa na ugomvi.

Hadi Krismasi ya 1994 png haikuwepo, wala hapakuwa na aliyeona pengo lake. Picha za kompyuta zilihifadhiwa kwa mtindo mwingine uitwao GIF, na watu waliridhika nao. Siku chache baada ya sikukuu hiyo, kampuni mbili za Marekani, CompuServe na Unisys, zikatangaza kwamba wanaouza programu zinazotumia GIF watatakiwa kukata leseni na kulipa mrabaha. Hesabu inayobana picha ndani ya GIF, ilisemekana, ina mwenyewe, na mwenyewe ana hataza.

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi. Kwa muda fulani, siku hizi kwa kawaida miaka 20 tangu ombi liwasilishwe, hakuna anayeruhusiwa kutengeneza, kutumia wala kuuza uvumbuzi huo bila idhini yake. Naye anatakiwa kuueleza uvumbuzi wake waziwazi kwenye hati, ili muda ukiisha kila mwenye ufundi aweze kuufuata. Kwa dawa mpya au pampu ya maji, mapatano hayo yana mantiki. Programu za kompyuta zina kinga nyingine tangu zamani, hakimiliki, ambayo inalinda maandishi yenyewe kama inavyolinda riwaya: usininakili. Hataza inakwenda mbali zaidi. Inalinda wazo, hata ukiliandika kwa maneno yako, hata ukiwa umelifikia mwenyewe usiku chumbani kwako bila kumwona wala kumsikia aliyetangulia. Wote wawili mmewaza jambo moja, lakini mmoja ana karatasi.

Hesabu iliyozusha kasheshe hii inaitwa LZW, na ni nyepesi kiasi cha kuelezwa gazetini. Tuseme kompyuta inataka kuhifadhi methali ya "haba na haba hujaza kibaba" kwa nafasi ndogo. Inaanza na orodha yenye herufi moja moja tu, kila herufi na namba yake. Inasoma h, inaona inafuatwa na a. Jozi "ha" haimo kwenye orodha, kwa hiyo inaandika namba ya h na papo hapo inaisajili "ha" kwa namba mpya. Inasonga mbele: inasajili "ab", kisha "ba". Ikifika kwenye haba ya pili, "ha" na "ba" tayari zina namba zao, na neno la herufi nne linaandikwa kwa namba mbili. Kwenye kibaba, herufi nne za mwisho ni namba ya "ba" ikiandikwa mara mbili. Kadiri maandishi yanavyorefuka, ndivyo orodha inavyokusanya vipande virefu zaidi na ndivyo faili linavyozidi kusinyaa. Akili ya wavumbuzi imelala kwenye jambo moja: orodha hiyo haitumwi pamoja na faili. Kompyuta inayopokea inaijenga upya yenyewe kwa kufuata namba jinsi zinavyoingia. Picha nazo ni hivyo hivyo, kwani anga la bluu ni nukta ya rangi moja inayojirudia maelfu ya mara.

Haikuwa kazi ya mtu mmoja. Abraham Lempel na Jacob Ziv, wataalamu wa Technion huko Haifa, Israel, walichapisha msingi wake mwaka 1977 na 1978. Mmarekani Terry Welch, aliyekuwa kampuni ya Sperry, akaipunguza uzito na kuifanya iende kasi. Sperry iliwasilisha ombi la hataza tarehe 20 Juni 1983. Mwaka uliofuata Welch akaieleza hesabu hiyo katika jarida la IEEE Computer, kwa namna ambayo mwandishi yeyote wa programu angeweza kuifuata. Ombi la hataza halikutajwa kwenye makala hiyo. Kabla mwaka 1984 haujaisha, programu ya kubana faili iitwayo compress ilikuwa tayari inazunguka bure kwenye kompyuta za vyuo vikuu. Hataza yenyewe ilitolewa Desemba 1985.

Sheria inasema mvumbuzi anapewa ukiritimba ili asiifiche elimu yake. Hapa elimu ilitoka kwa njia ya jarida, ikasomwa kwenye jarida, ikafanyiwa kazi kutoka kwenye jarida. Sijapata kukutana na mwandishi wa programu anayesoma hati za hataza ili ajifunze kitu. Zimeandikwa na mawakili kwa ajili ya mawakili, na wengi huambiwa na wanasheria wao wasizisome kabisa, kwa sababu mahakama za Marekani zinaweza kumtoza hadi mara tatu ya fidia aliyevunja hataza kwa makusudi. Mfumo uliobuniwa kusambaza maarifa umefika mahali ambapo ushauri mzuri ni kutojua.

Mwaka 1986 Sperry iliungana na Burroughs, ikazaliwa Unisys, na hataza ikahamia huko. Mwaka 1987 kikosi cha CompuServe mjini Columbus, Ohio, kikiongozwa na Steve Wilhite, kikatafuta njia ya kupitisha picha za rangi kwenye modemu za wakati ule, ambazo zilikuwa zikijikongoja. Wakachukua LZW, wakaunda GIF, wakatoa maelezo yake yote bure na kuwakaribisha watu waitumie. Watu wakaitumia. Mtandao wa wavuti ulipoanza kupata picha mwaka 1993, GIF ilikuwa ndiyo mkaazi wa kwanza. Ilipofika siku ya tangazo, kuing'oa ilikuwa kama kuambiwa uondoe saruji ukutani na nyumba ibaki imesimama.

Unisys haikuvunja sheria yoyote. Ilikuwa na hati halali na ilidai mrabaha wake. Kilichowachoma watu ni kwamba miaka tisa ilikuwa imepita tangu hati itolewe, na katika miaka hiyo dunia ilikuwa imejenga juu ya hesabu ile kwa nia njema. Mwaka 1999 kampuni hiyo ikasogea hatua nyingine: hata wenye tovuti waliokuwa na picha zilizotengenezwa kwa programu zisizo na leseni waliambiwa wanaweza kudaiwa, na kiwango kilichotajwa kilikuwa dola 5,000. Tarehe 5 Novemba mwaka huo wanaharakati wa programu huru walitangaza siku ya kuchoma GIF zote. Wenyewe walijua ni mzaha, faili haliungui, lakini tovuti kadhaa zilizifuta kweli picha zao.

Kuna jambo jingine la kushangaza zaidi. Wiki tatu hivi kabla ya Sperry kupeleka ombi lake, Victor Miller na Mark Wegman wa IBM walikuwa wamepeleka la kwao, kuhusu hesabu ambayo wataalamu wengi wanaiona ni ile ile. Sperry ilipewa hataza 1985. IBM nayo ikapewa 1989. Ofisi moja, hesabu moja, hati mbili, na wakaguzi wanaolipwa kwa kazi hiyo hawakung'amua. Sasa mwandishi wa programu, asiye na wakili wala majalada, angeng'amuaje?

Hapo ndipo programu zinapotofautiana na dawa. Dawa ni molekuli: ukiichora, mpaka wake unaonekana, na mkemia wa Mumbai au wa Basel ataona kitu kile kile. Hesabu inaweza kuelezwa kwa njia mia. Anayeiita "mfumo wa kusajili mifuatano ya alama" na anayeiita "kifaa cha kutafsiri data" huenda wanazungumzia kitu kimoja, na hakuna anayejua mpaka jaji aseme. Programu moja ya kawaida ina mawazo madogo madogo maelfu ndani yake, na lolote kati ya hayo linaweza kuwa na mwenyewe.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililiona tatizo hili mapema. Mwaka 1972, katika kesi ya Benson, ilikataa hataza ya hesabu ya kugeuza namba, kwa hoja kwamba kuiruhusu ni kumilikisha mtu hisabati. Mwaka 1981, katika kesi ya Diehr, ikafungua mlango nusu: kiwanda cha mpira kilichotumia kompyuta kujua dakika ya kufungua kalibu kiliruhusiwa, kwa kuwa kilichoombewa hataza kilikuwa namna ya kuoka mpira. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa maoni yangu. Lakini mawakili wakaingia kwa mlango huo na kila kitu mkononi, na mwaka 1998 mahakama ya rufani inayoshughulikia hataza ikaupanua zaidi kwa kukubali hata mbinu za kibiashara. Mwaka mmoja baadaye Amazon ikapata hataza ya kununua bidhaa kwa kubonyeza mara moja, na ndani ya wiki chache ikawashtaki wauza vitabu wenzake, Barnes & Noble. Kubonyeza mara moja! Hataza hiyo iliishi hadi 2017.

Bill Gates aliyaona haya mwaka 1991. Katika waraka wa ndani wa Microsoft aliwaambia wenzake kwamba laiti watu wangejua jinsi hataza zitakavyotolewa na kuzichukua wakati mawazo ya msingi yanavumbuliwa, sekta nzima ingekuwa imesimama kabisa. Alichoandika baadaye kidogo hakinukuliwi mara nyingi: dawa aliyoipendekeza ni kubadilishana hataza na kampuni kubwa, na kuchukua hataza nyingi iwezekanavyo. Yaani mkubwa akijaza kabati, wakubwa wenzake wataogopa kumshtaki. Mdogo asiye na kabati atajijua.

Wenye msimamo mwingine wana hoja, na si ya kupuuzwa. Mfano wao mzuri ni RSA, hesabu ya usimbaji iliyobuniwa na Rivest, Shamir na Adleman huko MIT mwaka 1977. Hataza yake, iliyotolewa 1983, ilisaidia kampuni changa kusimama wakati hakuna aliyeamini kwamba siri za kompyuta ni biashara. Na wapo waliokosa hataza wakaumia. Dan Bricklin, mwanafunzi wa biashara wa Harvard, pamoja na Bob Frankston walitoa VisiCalc mwaka 1979. Ilikuwa jedwali la kwanza la kompyuta binafsi, lile ambalo ukibadilisha namba moja namba zote zinazoitegemea zinajirekebisha. Kwa mhasibu aliyezoea penseli na kifutio, huo ulikuwa muujiza. Wanasheria waliwaambia kwamba matumaini ya kupata hataza ni madogo, nao wakaachana nayo. Jedwali jingine, Lotus 1-2-3, lilikuja mwaka 1983 likawapita, na mwaka 1985 Lotus ikainunua kampuni yao na VisiCalc ikazimwa. Excel ikaja ikawapita wote.

Nimewahi kumsikia wakili akiitumia hadithi hiyo kama kisa cha mwenye haki aliyedhulumiwa. Mimi naisoma vingine. Kama hataza ingetoka mwaka 1979, kwa sheria ya wakati ule ingedumu hadi katikati ya miaka ya 1990, na katika muda huo wote Lotus na Excel zingekuwepo kwa hisani ya mwenye hataza. Lotus iliongeza grafu. Excel ilileta matumizi ya kipanya na sura mpya kabisa. Kila mmoja alisimama juu ya aliyetangulia bila kuomba ruhusa, na matokeo yake yako kwenye meza ya kila mhasibu wa SACCOS kuanzia Mbeya hadi Meru. Wachumi James Bessen na Eric Maskin, huyu wa pili mshindi wa Nobeli ya mwaka 2007, waliliweka jambo hili kwa hesabu zao: pale ambapo uvumbuzi unajengwa hatua kwa hatua juu ya uvumbuzi, hataza inaweza kupunguza kile ilichoundwa kukiongeza, na hata mvumbuzi wa kwanza anaweza kunufaika na kuigwa. Bricklin mwenyewe hakuja kutajirika kama waliomfuata. Hilo ni kweli, na linauma.

Turudi kwenye png, maana ndiyo mfano unaopendwa na pande zote mbili. Tangazo la Unisys lilipotoka, Thomas Boutell aliandika pendekezo la kwanza la mtindo mbadala mwanzoni kabisa mwa Januari 1995. Watu wasiojuana, waliotawanyika nchi mbalimbali, wakalijadili kwa barua pepe, na ndani ya miezi michache kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Oktoba 1996 shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, likauidhinisha. Badala ya LZW waliweka njia iitwayo deflate, iliyotoka kwa Phil Katz na ambayo tayari ilikuwa ndani ya gzip, programu iliyoandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler kwa sababu ile ile, kuikimbia hataza iliyokuwa imeinasa compress. GIF ilikuwa na rangi 256 tu. Png ilipokea zaidi ya milioni 16, na ukingo wa picha uliweza kufifia taratibu badala ya kukatika kama umekatwa kwa mkasi butu.

Mnaona, wanasema watetezi, hataza imezaa ubunifu! Bila Unisys tusingekuwa na png.

Ni kweli tusingekuwa nayo, angalau si kwa namna ile. Lakini kikundi kile hakikukaa kitako kutafuta picha bora. Kilikuwa kinatafuta pa kupita, na kwa kuwa kilikuwa na watu hodari kikaona kisitoke mikono mitupu. Hakuna daftari linaloonyesha watu wale wangefanya nini na muda wao kama wangeachwa. Na gharama haikuishia hapo. Vivinjari vikubwa vilianza kuisoma png mwishoni mwa 1997. Internet Explorer, kilichoshika soko, hakikuionyesha sawasawa ile mififio ya ukingo mpaka toleo la 7, mwaka 2006. Wakati huo hataza ya LZW ilikuwa imekwisha muda wake Marekani tangu tarehe 20 Juni 2003. Kwa maneno mengine, dawa ilianza kufanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa umeshazikwa. Png pia haikuwa na picha zinazocheza, ndiyo maana GIF haikufa. Ile GIF ya mtoto anayecheka unayotumiwa kwenye kikundi cha harusi, kwa kweli WhatsApp huigeuza kuwa video fupi. Jina tu ndilo limebaki.

Kwetu Afrika Mashariki hataza ya LZW haikufika. Haki hii haivuki mpaka wa nchi iliyoitoa, na Unisys iliichukua Marekani, Kanada, Japani na nchi chache za Ulaya. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu haki za wavumbuzi na wabunifu, unazipa nchi zenye maendeleo duni, zikiwamo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nafasi ya kutotekeleza sehemu kubwa ya masharti yake hadi tarehe 1 Julai 2034. Kenya haimo kwenye kundi hilo. Na tumeona jinsi wazo linavyosambaa lisipobanwa: Ufilipino walikuwa na G-Cash tangu 2004, M-Pesa ikaanza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kisha Tigo Pesa na Airtel Money zikaingia kugombea wateja wale wale. Foleni ya kutuma ada ya mtoto kwa basi imeisha kwa sababu ya ushindani huo.

Lakini kijana wa Dar es Salaam au wa Nairobi anayeuza programu yake leo haiuzi nyumbani peke yake. Anaiweka kwenye duka la Apple au Google, na mnunuzi akiwa Marekani, sheria ya Marekani inamhusu. Mwaka 2011 kampuni iitwayo Lodsys, isiyotengeneza programu yoyote, ilianza kuwaandikia barua waandishi wadogo wa programu za simu. Ilidai kwamba kitufe cha kununulia kitu ndani ya programu kinagusa hataza zake, na ikataka asilimia 0.575 ya mapato yao ya Marekani. Waliokataa ilianza kuwafikisha mahakamani Texas. Hata Rovio ya Ufini, wenye Angry Birds, iliongezwa kwenye orodha ya washtakiwa. Kiwango chenyewe kilikuwa kidogo kwa makusudi: nusu asilimia ni nafuu kuliko kumlipa wakili wa Texas, hata ukiwa na uhakika kwamba una haki.

Hata hivyo, mwaka hadi mwaka kamba imelegezwa kidogo. Bunge la Ulaya liliukataa muswada wa hataza za programu Julai 2005 kwa kura 648 dhidi ya 14. New Zealand ilizifungia mlango kwa sheria ya 2013. Marekani yenyewe, Juni 2014 katika kesi ya Alice, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu walikubaliana kwamba kuchukua wazo la kawaida na kulipachika kwenye kompyuta hakuligeuzi kuwa uvumbuzi. Hataza nyingi dhaifu zimeanguka kortini tangu siku hiyo.

Sehemu ambayo haijatulia ni video. Mtindo wa kubana video uitwao HEVC ulikamilika 2013, na wenye hataza wakajigawa kwenye makundi matatu tofauti, kila moja likidai mrabaha wake. Google, Amazon, Netflix, Microsoft na wengineo wakaamua kufanya kile walichofanya watu wa png: mwaka 2015 waliunda umoja wa kutengeneza mtindo ambao hautakuwa na ada, na mwaka 2018 wakautoa kwa jina la AV1. Tofauti ni kwamba safari hii wanaozikwepa hataza ni matajiri, wenye mawakili wa kupekua hataza moja baada ya nyingine kabla ya kuandika mstari. Machi 2019, mwaka mmoja tu baadaye, kampuni ya Sisvel ikatangaza kwamba imekusanya hataza za wateja wake, zikiwamo za Philips na Toshiba, zinazohitajika katika AV1, na kwamba watengenezaji wa simu na televisheni wakaribie kukata leseni. Wenye AV1 wanasema hawaitambui hesabu hiyo ya madeni.